Nani Mwingine Anajikuna?

Julai iliyopita nilikwenda Kibiti kwa mazoezi ya kufundisha. Nilifikia kwa bibi yangu, na siku ya tatu akaja dada yangu mkubwa kutoka delta na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa na vipele tangu Mei: mikononi, kwapani, kiunoni, mpaka kwenye nyayo. Usiku halali, analia na kujisugua kwenye mkeka. Makala hii inahusu vipele hivyo, na wiki kadhaa nyingine tulizopoteza mbele ya macho yangu mimi ninayejiita mwalimu wa baolojia.

Sababu tano, mtoto yuleyule

Dada hakuwa amekaa kimya. Kwanza alikwenda duka la dawa, akapewa krimu ya mchanganyiko. Vipele vikafifia siku tatu, halafu vikarudi vingi zaidi. Mtu mwingine akasema ni fangasi, ikanunuliwa dawa ya fangasi. Wa tatu akasema ni aleji, basi mtoto akanyimwa kamba, dagaa na mayai, na katika vijiji vya delta ukishaondoa hivyo unabakiza wali na majani. Wa nne akalaumu maji ya chumvichumvi, wakaanza kumwogesha kwa maji ya kununua.

Sababu ya tano ndiyo iliyouma. Mama mkwe wake alisema mtoto amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia wakati bado ananyonya. Wengi wetu tumeisikia kauli hii majumbani, na tunajua lawama yake humwangukia mama. Dada akamwachisha mtoto ziwa siku hiyohiyo. Aliponisimulia alikuwa anaangalia chini, kama mtu anayekiri kosa.

Mimi nami sikuwa bora. Nilimtazama mtoto, nikasema, "Itakuwa joto tu, dada." Kisha nikaenda kuandaa somo langu la Kidato cha Pili kuhusu hatua za uchunguzi wa kisayansi.

Daftari la maandalio

Wiki ya tano nilikuwa ubaoni nafundisha kwamba nadharia tete hupimwa kwa kukusanya taarifa, nikajisikia aibu. Nyumbani tulikuwa na nadharia tete tano na hatujakusanya taarifa hata moja. Jioni ile nikachukua daftari la maandalio, nikachora safu nne: vipele viko wapi, vinawasha saa ngapi, ameshapakwa nini, na analala na nani.

Safu tatu za kwanza zilijaa haraka. Viko zaidi katikati ya vidole, kwenye viganja, kwapani, kiunoni na kwenye nyayo. Vinawasha zaidi usiku. Ameshapakwa karibu kila kitu.

Safu ya nne ndiyo iliyonifungua macho. Kuanzia Machi mpaka mavuno, dada na watoto walikuwa dunguni. Kwa wasiojua Rufiji, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo kwenye shamba la mpunga, ambako familia huishi msimu mzima ikilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori, huku maji yakipita chini. Nafasi ni ndogo. Kwenye mkeka mmoja walilala dada, mama mkwe, mtoto, na kaka yake wa miaka sita. Shemeji ni mvuvi, usiku mwingi yuko kwenye maji.

Nikamuuliza dada, "Na huyu mkubwa, hajikuni?"

"Anajikuna, lakini yeye ni mchezo wa matope."

"Na wewe?"

Akanyamaza kidogo. "Kidogo tu, tumboni."

"Na shemeji?"

"Yeye hana kitu."

Waliolala pamoja wote walikuwa wanajikuna. Aliyelala kwenye mashua hakuwa na kitu. Chakula kilikuwa kilekile, maji yaleyale.

Swali la tabibu

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya. Tabibu aliangalia viganja na nyayo za mtoto, akaangalia katikati ya vidole, halafu akauliza swali moja tu: "Nani mwingine nyumbani anajikuna?"

Dada akajibu kwa ajili yake na mtoto mkubwa. Mimi nikakaa kimya. Ukweli ni kwamba siku nne zilizopita nilikuwa najikuna katikati ya vidole kila usiku, na wiki zote zile mtoto alikuwa analala kifuani kwangu. Sikusema. Mwalimu mtarajiwa, mtu wa chuo kikuu, nina upele? Tabibu akaona mkono wangu, akacheka taratibu: "Na wewe mama mdogo, karibu kwenye orodha."

Mdudu mwenyewe

Neno "vipele" ni la kila kitu kinachotokea kwenye ngozi. "Upele" wenyewe ni ugonjwa, na wengine huuita ukurutu. Unaletwa na mdudu wa jamii ya utitiri, mdogo chini ya nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Muwasho ni mwili unavyopambana na mdudu, mayai yake na uchafu wake. Mtu wa kawaida mwenye upele huwa na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima, ndiyo maana ni vigumu kuwaona.

Kwa anayeupata mara ya kwanza, muwasho huchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Katika muda huo tayari anaambukiza wengine. Hapo nikaelewa kwa nini kila mtu kwetu alikuwa na sababu yake: tulianza kujikuna kwa zamu, hatukuona kwamba ni jambo moja.

Uchafu nao tuliulaumu bure. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtafiti Kenneth Mellanby alifanya majaribio na watu waliojitolea mjini Sheffield, Uingereza. Alikuta kwamba blanketi na nguo zilizotumiwa na wagonjwa ziliambukiza kwa nadra sana. Njia kubwa ilikuwa ngozi kwa ngozi, kama kulala pamoja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye kundi la magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Shirika hilo linakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao.

Na ile krimu ya kwanza? Nyingi za mchanganyiko zina dawa ya jamii ya steroidi. Inatuliza wekundu na muwasho, mdudu anabaki anazaliana. Ndiyo ile nafuu ya siku tatu.

Simu mbili

Tabibu alitupa dawa ya kupaka ya benzili benzoeti, akatueleza namna ya kuizimua kwa ajili ya watoto, na dawa ya vidonda vilivyoanza kutunga usaha. Vidonda hivyo si vya kudharau, kwa sababu bakteria wanaoingia humo wanaweza kuleta madhara mpaka kwenye figo. Mtoto akivimba uso, mkojo ukiwa mweusi au homa ikipanda, anatakiwa hospitali haraka.

Sharti lake lilikuwa hili: wote waliolala pamoja wapake usiku mmoja, hata asiyejikuna, kisha warudie kama alivyoelekeza, kwa sababu mayai yanaweza kunusurika mara ya kwanza. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko siku kadhaa, maana mdudu akitoka mwilini hadumu.

Kwa hiyo dada alipaswa kumpigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mama, samahani kukuuliza. Na wewe unajikuna?"

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Tangu dunguni, mwanangu. Nilidhani ni mbu."

Hakuna aliyetaja tena kubemenda. Dada alipokata simu alilia, halafu akaenda kuchemsha maji.

Simu ya pili ilikuwa yangu. Mwenzangu wa chuo alikuwa amekaa nasi wiki tatu za mwanzo wa mazoezi, tukilala kitanda kimoja ili kuokoa hela ya chumba. Ilibidi nimwambie. Niliandika ujumbe nikafuta mara nne, mwishowe nikapiga. Alicheka, kisha akasema, "Kumbe! Nami nilifikiri ni sabuni mpya."

Kwa nini nawaandikia

Sisi hapa chuoni tunabebana. Kitanda cha mmoja kinalaza wawili, blanketi linazunguka chumba kizima. Tofauti yetu na dungu ni ghorofa tu. Na aibu yetu ni kubwa kuliko ya mama mkwe, kwa sababu sisi tunajiona wasomi.

Sisemi kila kipele ni upele. Pumu ya ngozi hujirudiarudia kwenye mashavu na mikunjo, mara nyingi katika familia zenye pumu, na hailetwi na kulala pamoja. Fangasi mara nyingi huchora duara. Kutofautisha ni kazi ya mhudumu wa afya. Yetu sisi ni kumpelekea taarifa kamili: tangu lini, wapi, saa ngapi, amepakwa nini, na nani mwingine.

Mtoto aliendelea kujikuna wiki mbili baada ya dawa, na tabibu alikuwa ametuonya kwamba itakuwa hivyo. Wiki ya tatu alilala usiku kucha. Dada aliamka mara mbili kumwangalia kama anapumua.