Kuonyesha Beji ya Buluu ndani ya Gari Wakati wa Majira ya Baridi
Mwongozo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza

Beji ya buluu hupewa mtu mwenye ulemavu, wala si gari lake. Tangu tarehe 30 Agosti 2019, wenye ulemavu usioonekana kwa macho nao wanaweza kuiomba katika England. Majira ya baridi ndiyo wakati ambapo faida yake huonekana zaidi, kwani hatua hamsini juu ya njia yenye barafu huweza kumvunja nyonga mzee ambaye wakati wa kiangazi huzitembea bila shida.

Sheria inataka beji iwekwe juu ya dashibodi, upande wa mbele ukitazama juu, ili maandishi yake yasomeke wazi na mtu aliyesimama nje. Upande wa mbele ni ule wenye alama ya kiti cha magurudumu na tarehe ya kumalizika; upande wenye picha ya mwenye beji hulala chini. Wengi huigeuza wakidhani kwamba picha ndiyo uthibitisho. Afisa wa maegesho akiona picha tu, huandika notisi ya faini.

Baridi huleta matatizo yake. Pumzi za abiria hugeuka ukungu ndani ya kioo, na beji iliyo chini ya ukungu huo haisomeki. Futa kioo kwa kitambaa kikavu kabla ya kushuka, kisha sogeza beji mbali na ule ukanda wa vitone vyeusi ulio pembezoni mwa kioo. Upepo wa mlango unaofungwa kwa nguvu huweza kuiangusha sakafuni. Kwa hiyo, baada ya kufunga mlango, zunguka mbele ya gari uitazame kama afisa atakavyoitazama. Ikiwa hufunika kioo cha mbele kwa turubai la kuzuia sakitu, usilitumie pale unapotegemea beji. Theluji ikianguka ukiwa ndani ya zahanati, huna budi kukipangusa kioo mara urudipo, lakini ni busara kupiga picha ya beji ikiwa mahali pake kabla ya kuondoka. Usimwage maji ya moto juu ya kioo kilichoganda, maana huweza kupasuka.

Pamoja na beji hutolewa saa ya kadibodi ya rangi ya buluu. Katika England na Wales, ukiegesha juu ya mstari mmoja au miwili ya njano, unaruhusiwa kukaa hadi saa 3, na sharti uonyeshe wakati uliofika. Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili hukosea kwa namna ya pekee. Aliyefika saa nne asubuhi asiweke 4, bali 10. Aliyefika saa nane mchana aweke 2. Kadibodi hiyo haijui hesabu yetu ya saa. Itengeneze ukiwa bado ndani ya gari, kabla vidole havijafa ganzi.

Theluji huficha pia alama za barabarani. Vistari vya njano vilivyopakwa juu ya ukingo wa njia ya miguu hukataza kupakia na kupakua mizigo, na mahali hapo beji haikuruhusu kuegesha. Ukiwa huoni ukingo, tafuta kibao kwenye nguzo iliyo karibu. Usipokiona na ukabaki na shaka, egesha kwingine. Katika maegesho ya maduka na ya hospitali, soma masharti yaliyobandikwa, kwa kuwa si kila mahali beji huondoa malipo. Katikati ya London, wilaya chache zina kanuni zao wenyewe.

Jambo jingine lasemwa kwa upole, lakini lazima lisemwe. Mama akibaki nyumbani kwa sababu ya baridi, mwanawe haruhusiwi kutumia beji yake kwenda kumnunulia chakula au dawa, hata kama kila kitu kitakachonunuliwa ni chake. Kumpeleka au kumchukua mwenyewe kunaruhusiwa. Matumizi mabaya huweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000 na beji kunyang'anywa. Tunajua kwamba katika kaya nyingi mali ya mzazi ni ya wote. Beji haimo katika mali hiyo.

Ukikuta notisi ya halmashauri juu ya kioo ilhali beji yako ni halali, usiitupe. Malipo hupunguzwa kwa nusu ndani ya siku 14, na pingamizi lako lipelekwe ndani ya muda huohuo. Andika kwa halmashauri iliyotoa notisi, ukiambatisha nakala ya pande zote mbili za beji na ile picha uliyopiga. Kama Kiingereza chako hakitoshi, muulize ofisa wa halmashauri kuhusu msaada wa mkalimani, badala ya kumwachia mtoto wa shule kazi hiyo.