Nani Anastahili Kuitwa Muuguzi?

Ukifika zahanati, kila aliyevaa sare huitwa nesi. Anayepiga deki wodini ni nesi, anayeandikisha wagonjwa ni nesi, hata jirani anayechoma watu sindano sebuleni kwake jioni naye ni nesi. Tunawaita hivyo kwa heshima. Lakini kwa sheria za Tanzania, jina hilo lina mwenyewe, na wewe mgonjwa una haki ya kumjua.

Mambo matatu kwa pamoja

1. *Mafunzo.* Muuguzi amesomea uuguzi katika chuo kinachotambuliwa, kwa ngazi ya cheti, stashahada au shahada, darasani na wodini. Mwenye shahada hufanya pia utarajali wa mwaka mmoja hospitalini.

2. *Usajili.* Jina lake limo katika kumbukumbu za Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linaloongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010.

3. *Leseni hai.* Leseni ina muda wake. Ikiisha huhuishwa, na mwenye nayo hutakiwa kuendelea kujifunza, kwa sababu dawa na miongozo ya tiba hubadilika.

Likikosekana moja kati ya hayo, mtu hana ruhusa ya kuhudumia wagonjwa kama muuguzi.

Tofauti huonekana wapi?

Tazama sindano moja tu. Mama amempakata mtoto mwenye homa. Muuguzi anauliza jina la mtoto na kulilinganisha na lililo kwenye cheti chake cha matibabu. Anauliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Anasoma jina la dawa na tarehe ya kuisha muda wake, kisha anapiga hesabu ya dozi kwa uzito wa mtoto. Anajua kwamba sindano ikichomwa mahali pasipofaa kwenye tako inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu, mtoto akabaki anaburuta mguu. Akishachoma hamruhusu kuondoka papo hapo: anamwangalia asije akavimba uso au akabanwa pumzi, na anajua la kufanya likitokea.

Kusukuma dawa kwa bomba mtu yeyote anaweza kuiga. Hayo mengine hayaigiki.

Maswali ya mara kwa mara

*Nimehitimu chuo, bado sijasajiliwa. Je, mimi ni muuguzi?*
Bado. Wewe ni mhitimu wa uuguzi. Kamilisha usajili na leseni kwanza.

*Mhudumu wa afya aliyekaa wodini miaka mingi je?*
Kazi yake ni muhimu na anastahili heshima kamili. Lakini uzoefu haugeuki kuwa leseni. Akitaka uuguzi, apitie chuoni.

*Aliyesomea nje ya nchi?*
Naye lazima atambuliwe na Baraza kabla ya kugusa mgonjwa.

*Muuguzi mstaafu anayetibu nyumbani?*
Ujuzi anao, lakini bila leseni hai haruhusiwi. Na hata mwenye leseni, chumba cha kulala si kituo cha huduma.

Wewe ufanye nini?

- Uliza jina na cheo cha anayekuhudumia, na tazama kitambulisho chake.
- Ukiwa na shaka, mwone mganga mfawidhi wa kituo.
- Ukimjua anayejifanya muuguzi, toa taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au kwa Baraza. Usingoje mtu adhurike.
- Usikubali sindano wala dripu mtaani, hata kwa bei ya chini.

Wengi huona haya kuuliza, wakidhani ni kumvunjia nesi heshima. Sivyo. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi wetu huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao hadharani. Aliyeapa mbele ya watu hana sababu ya kukuficha jina lake. Muulize.