Kuchagua Fani ya Chuo Kikuu Moyo Unapogawanyika
Kijitabu cha nasaha kwa wahitimu wa kidato cha sita, wazazi na walezi

DIBAJI

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa na dirisha la udahili kufunguliwa, vijana wengi wa Tanzania huingia katika tashwishi ambayo hakuna mtihani uliowaandaa kuikabili: hutakiwa waandike majina ya programu za shahada, na kwa majina hayo waelekeze miaka mitatu, minne au mitano ya ujana wao, ilhali nyoyo zao zimegawanyika baina ya elimu mbili au tatu wanazozipenda kwa kadiri iliyo sawa. Rai yetu katika kijitabu hiki ni kwamba kijana asianze kwa kujiuliza anapenda nini zaidi, kwa kuwa mapenzi ya umri huo hupanda na kushuka, bali aanze kwa kujiuliza ni lipi kati ya anayoyapenda ambalo hawezi kulipata ila kwa kupitia chuo.

1. MILANGO ILIYOKWISHA FUNGWA NA TAHASUSI

Kabla ya kushauriana na moyo, mwombaji na afungue Mwongozo wa Udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambamo kila programu imeandikwa pamoja na sifa za kuingilia, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini kwa jumla ni kufaulu masomo mawili yanayohusika na programu, kwa pointi zisizopungua 4, ambapo A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Lakini programu nyingi hutaka zaidi ya hapo. Udaktari wa binadamu, mathalan, hutaka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na aliyesoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, hata akiwa na A tatu, hana Biolojia, basi kuusikitikia mlango huo ni kupoteza wasaa. Aghalabu mtu aliyejidhania amegawanyika baina ya fani nne huona, akimaliza kuzisoma kurasa hizo kwa makini, kuwa zilizobaki mkononi mwake ni mbili.

2. ELIMU INAYOTAKA CHUO NA ELIMU INAYOTAKA BIDII

Tuchukue mfano wa binti aliyesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, apendaye utabibu na apendaye ushairi. Utabibu hauna njia ya pembeni: ni miaka mitano ya masomo, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na asiyepita humo hana ruhusa ya kumtibu mgonjwa kama daktari. Ushairi nao una elimu yake, tena si ndogo, lakini vina na mizani hujifunzwa kwa kusoma diwani, kwa kukaa na malenga na kwa kutunga na kufuta usiku baada ya usiku. Binti huyu akiingia utabibu, ushairi ataweza kwenda nao. Akiingia fasihi, utabibu hataweza kwenda nao.

Wala asidhani kuwa pendo la pili litakufa kwa kukosa shahada. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa akiandika. Mwalimu Nyerere alisomea ualimu Makerere, kisha akasoma Edinburgh, na tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969, yeye akiwa Rais wa nchi.

Lakini mtu asitufahamu kuwa twasema sanaa ikae nyuma siku zote. Kijana apendaye biashara na apendaye isimu ya lugha anaweza kuanza biashara kwa kusimama dukani na kushika daftari la mauzo, ilhali isimu humtaka mwalimu na maktaba. Insafu ni kwamba huyu chuoni na akasome isimu.

3. ZOTE MBILI ZIKITAKA CHUO

Ikiwa elimu zote mbili zinataka chuo, kwanza kijana atafute mahali zinapokutana. Apendaye kilimo na hesabu za uchumi atakuta uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Apendaye kuchora na apendaye ujenzi atakuta usanifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi. Na ualimu wa sekondari humwezesha mtu kushika masomo mawili pamoja.

Zisipokutana, basi kila kazi ipimwe kwa siku yake, isipimwe kwa jina lake. Aombe ruhusa akae siku moja na mtaalamu wa maabara wa hospitali ya wilaya, amwone akitandaza tone la damu juu ya kioo, akilikausha, akilitia rangi, kisha akiinamia darubini kutafuta vimelea vya malaria, akiandika katika rejista na kushika kioo kingine, hivyo hivyo mpaka adhuhuri. Siku nyingine aende na mpima ardhi, asimame naye juani, ashike fito, afyeke kichaka ili bikoni ionekane, arudi naye ofisini kukokotoa. Kazi ambayo marudio yake hayakumchosha kijana, bali yalimtia hamu ya kuuliza, ndiyo iliyo karibu na tabia yake.

4. KWA WAZAZI NA WALEZI

Mzazi ana haki ya kutoa nasaha, na mwana ana wajibu wa kuisikiliza kwa adabu. Lakini fani iliyochaguliwa kwa amri husomwa kwa nusu ya moyo. Yafaa zaidi mzazi aseme wazi kile anachokijua yeye, nacho ni uwezo wa nyumba: ada, kodi ya chumba, nauli. Pia wausome pamoja mwongozo wa Bodi ya Mikopo, kwa sababu maombi ya mkopo hufanywa mbali na maombi ya chuo, na kuna fani zinazopewa kipaumbele.

5. HATUA ZA KUFUATA

1. Andika fani zote uzipendazo, kisha futa zile ambazo tahasusi na ufaulu wako haviziruhusu.
2. Kwa kila iliyobaki, uliza: je, yaweza kujifunzwa nje ya chuo?
3. Omba chuoni orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, maana mwaka wa kwanza hauonyeshi undani wa fani.
4. Kaa siku moja na mtu aifanyaye kazi hiyo.
5. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kabla ya muda kwisha.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, na kilichomshinda ni kutaka kuzipita zote kwa wakati mmoja. Aliyekwisha kuchagua kwa tafakuri, akaja kuona amekosea, ana nafasi ya kuomba kuhama programu, kwa utaratibu na muda uliowekwa, maadamu ana sifa na nafasi ipo. Lakini kabla ya hapo na aisome fani yake kwa moyo mkunjufu, na pendo lake la pili alitengee saa maalumu za juma, azilinde saa hizo kama anavyolinda vipindi vyake vya darasani.