Somo la Afya: Mweleze Daktari Unavyoishi na Kisukari

Mgonjwa wa kisukari huonana na daktari kwa dakika chache tu, kisha hurudi nyumbani kujitunza mwenyewe hadi kliniki nyingine. Yeye ndiye humeza tembe, hujidunga insulini na huamua kitakachopikwa. Asiposema yaliyompata siku hizo, daktari hana njia ya kuyajua.

Kwa nini usifiche

Tuchukue mfano. Mama anayeuza mboga sokoni ameandikiwa insulini asubuhi na jioni. Siku ambazo mauzo ni duni na hana uhakika wa chakula, yeye huruka sindano ya jioni akihofia sukari kushuka. Kliniki, kipimo chaonyesha sukari iko juu. Anaulizwa, "Unajidunga kila siku?" Kwa kuogopa kukemewa, anajibu, "Ndiyo." Daktari anaona dawa haitoshi, anaongeza kipimo.

Hatari iko hapo. Siku atakapojidunga kipimo hicho kipya bila kula vya kutosha, sukari yaweza kushuka hadi azirai. Lau angesema, "Naruka sindano nikikosa chakula cha jioni," wangetafuta pamoja mpango unaolingana na maisha yake. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Hata maabara haioni yote. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 2 hadi 3. Wastani waweza kupendeza ilhali sukari hupanda mchana na kushuka usiku. Anayejua kwamba uliamka usiku wa manane ukitetemeka na kutokwa na jasho ni wewe.

Mambo sita ya kusema

1. Dawa ulizoruka na sababu yake: bei, kusahau, hofu au tumbo kusumbuka.
2. Siku ambazo sukari ilishuka chini ya 4.0 mmol/L: saa ngapi, na ulikuwa umekula nini.
3. Chakula chako cha kila siku, pamoja na mfungo kama unafunga.
4. Unavyohifadhi insulini, hasa kama huna friji.
5. Dawa nyingine unazotumia, zikiwemo za mitishamba.
6. Ganzi au kidonda mguuni, macho kuona ukungu, matatizo ya tendo la ndoa, na huzuni isiyoisha.

Haki yako

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama, kwa lugha unayoielewa inapowezekana. Basi usione haya kusema, "Daktari, hapo sijaelewa, nieleze tena." Kabla ya kuondoka, rudia maagizo kwa maneno yako ili mhakikishe mmeelewana.

Kwa wahudumu wa afya

Swali "Unameza dawa?" humsukuma mgonjwa kujibu ndiyo. Jaribu, "Wengi huruka dawa mara kwa mara. Wewe wiki iliyopita uliruka mara ngapi?" Mgonjwa asiyekemewa leo atasema kweli tena kesho.

Zoezi la wiki hii

Chukua daftari. Kwa siku 7 kabla ya kliniki, andika dawa ulizotumia na ulizoruka, ulichokula, vipimo vya sukari kama una mashine, na jinsi ulivyojisikia. Usiyeweza kuandika, omba mtoto au jirani akusaidie. Mwisho wa wiki, chagua jambo moja linalokusumbua zaidi, na uanze nalo mara tu unapoketi mbele ya daktari.

Tahadhari

Usiache dawa wala kubadilisha kipimo bila ushauri. Ukitetemeka, ukatokwa na jasho au ukachanganyikiwa, koroga vijiko 3 vidogo vya sukari katika maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Ukipata nafuu, kula chakula. Aliyezirai asipewe chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitalini.