Panga Nyumba Yako Ikuinue Kitini

Nyumba ya Kiswahili, kama zile za Magomeni na Ilala, ina korido katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa nyuma. Jiko liko uani, choo kiko uani, kamba ya nguo iko uani. Anayeishi humo huinuka na kutembea kutwa nzima bila hata kuwaza mazoezi. Nyumba za siku hizi zimesogeza kila kitu karibu: choo ndani ya chumba, jiko hatua chache kutoka kwenye kochi, rimoti mkononi. Ni raha, na simshauri mtu arudi kuchota maji kisimani. Ila mwendo uliopotea hautarudi wenyewe. Ni lazima tuupangie nafasi.

Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi muda wote wa kazi, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Ukikaa muda mrefu, misuli mikubwa ya mapaja na makalio hutulia na kutumia sukari kidogo ya damuni. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 hauishii kwenye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Unawataka watu wapunguze na kukaa kwenyewe.

Anza na sebule. Sebule zetu nyingi zimejaa seti ya makochi na meza ya kioo katikati, mpaka mtu apite kwa ubavu. Itoe ile meza, sogeza makochi ukutani, tandika mkeka. Mtoto akiona sakafu wazi atabiringika bila kuambiwa, na wewe utapata pa kunyoosha mgongo. Rimoti ikae kando ya televisheni. Chaja ichomekwe koridoni, simu ikiita uinuke, uongee umesimama. Mpira ukifika mapumziko, inuka, zunguka nyumba.

Kisha tuzungumze juu ya "niletee maji". Baba amekaa, mtoto anatumwa. Mtoto naye, akikua kidogo, anamtuma dada wa kazi. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, lakini mzazi hapungukiwi na heshima kwa kuinuka kujimiminia maji au kupeleka sahani yake jikoni. Fanyeni iwe desturi ya nyumba: kila aliyekula ainuke na chombo chake.

Anayenihuzunisha zaidi ni bibi. Anapokuja kuishi na wanawe mjini, kila akishika ufagio anapokonywa: "Mama, wewe kaa tu upumzike." Tunasema hivyo kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo tunamdhoofisha. Aliyekuwa analima na kutwanga akikalishwa kutwa kwenye kochi, miguu hupoteza nguvu haraka, na kuanguka kunakuwa karibu. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mwongozo huo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki. Muachieni kazi anazozipenda: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumwagilia maua. Mpatieni kiti kigumu chenye mikono badala ya kochi la kuzama, kiegemezwe ukutani kisiteleze, afanye zoezi la kuinuka na kukaa taratibu, mtu akiwa karibu. Ondoeni kapeti linaloteleza, na tailizi zikilowa zikaushwe mara moja. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimamishe zoezi na apelekwe hospitali.

Watoto wa umri wa shule wanahitaji wastani wa dakika 60 za mwendo kila siku, na adui wao mkubwa ni amri ya "acheni kukimbia". Kama ua umejaa magari, wenye nyumba wakubaliane yaegeshwe upande mmoja kuanzia saa kumi jioni, ili rede na kombolela zipate uwanja. Kamba ya kuruka ining'inie mlangoni wanapoiona, na televisheni isiwekwe chumba wanacholala.

Kwa mnaokaa ghorofani, ngazi ni mali yenu, ila mara nyingi zina giza na zimejaa ndoo na mitungi ya gesi, hivyo kila mtu anakimbilia lifti. Wapangaji wachangiane taa, mizigo iondolewe, na reli iliyolegea ikazwe. Anayekaa ghorofa ya tisa ashuke kwenye lifti ghorofa ya sita, amalizie kwa miguu. Akizoea, ashukie ya tano.