Miavuli ya Cherbourg: Namna ya Kuihukumu Sinema ya Nyimbo

Kazi ya sanaa inayosifiwa na watu wote haitufundishi sana kuhukumu, maana kila mtu hufuata sifa za mwenziwe. Lakini kazi ikiwagawa watu mafungu mawili, hapo ndipo yatupasa kutafuta sababu. Mfano mzuri ni sinema ya Kifaransa iitwayo Les Parapluies de Cherbourg, maana yake Miavuli ya Cherbourg. Mtungaji wake ni Jacques Demy, na muziki ni wa Michel Legrand. Mwaka 1964 ilipata tuzo kubwa katika mashindano ya sinema ya Cannes, na hata hivyo mpaka leo wako wasioweza kuivumilia kwa robo saa.

Muhula uliopita Padre anayetufundisha Kifaransa alituonyesha sinema hiyo sisi wa madarasa ya juu. Haikupita nusu saa ukumbi ukagawanyika: hawa wanacheka, hawa wanawanyamazisha. Mabishano yaliendelea bwenini juma zima. Nimeyapanga hapa, nikitumaini kwamba yatawafaa wadogo zetu watakaoiona, na wakubwa waliokwisha kutoka shuleni.

Kwanza kisa chenyewe. Katika mji wa Cherbourg, bandari ya kaskazini ya Ufaransa, Geneviève anamsaidia mama yake katika duka la miavuli. Anapendana na Guy, fundi wa motokaa. Mwaka 1957 Guy anaitwa jeshini miaka miwili, kwenda vitani Algeria. Anamwacha Geneviève ana mimba. Barua zinakuja kwa nadra, mama ana madeni, na tajiri mmoja wa biashara ya vito, Roland Cassard, anataka kumwoa binti huku akijua habari ya mtoto. Binti anakubali. Guy anarudi na jeraha la mguu, anakuta duka limeuzwa. Baada ya kuhangaika anamwoa Madeleine, msichana aliyemtunza shangazi yake, na kununua kituo cha petroli. Desemba 1963 wapenzi wale wa zamani wanakutana hapo kituoni kwa dakika chache, kisha wanaachana.

Kisa hiki ni cha kawaida kabisa. Lisilo la kawaida ni kwamba kila neno linaimbwa. Katika sinema nyingi za muziki watu husema, halafu huimba, halafu husema tena. Hapa hakuna kusema. Mteja anauliza habari za motokaa yake kwa kuimba. Mtumishi wa kituo anauliza aina ya petroli kwa kuimba. Muziki ulirekodiwa kwanza, wachezaji wakafuatisha kwa midomo baadaye. Hata Catherine Deneuve aliyecheza Geneviève haimbi mwenyewe. Sauti ni ya Danielle Licari. Tena rangi zimepangwa kama muziki: kuta za waridi, za kijani, za buluu, na mavazi yanayolingana na kuta.

Sasa tuzitazame lawama tatu tulizozisikia.

Lawama ya kwanza: watu hawasemi kwa kuimba, kwa hiyo sinema hii ni ya uongo. Hii ndiyo iliyopata wafuasi wengi, nami naiona ni dhaifu kuliko zote. Mwana Kupona alimwusia binti yake kwa utenzi, mnamo mwaka 1858. Je, nani kati yetu, alipousoma darasani, alilalamika kwamba mama hasemi na mwanawe kwa mizani na vina? Na bibi zetu wakitusimulia hadithi usiku, sungura huimba anapokimbia, nasi tunaitikia bila kuuliza sungura amejifunza wapi kuimba. Kila sanaa ina mapatano yake na watu. Tenzi na hadithi tulipatana nazo tangu utoto, kwa hiyo hatuyaoni mapatano hayo. Sinema hii inatutaka tupatane upya, na jambo jipya huchekesha.

Tena Demy aliijua lawama hii mapema. Mwanzoni kabisa, gerejini, fundi mmoja analalamika kwamba hapendi opera, kwa sababu watu wanaoimba muda wote wanamchosha. Yeye heri sinema. Naye anayasema hayo kwa kuimba! Wala Demy hakuwa akiwadhihaki mafundi, maana baba yake mwenyewe alikuwa na gereji katika mji wa Nantes. Aliona kwamba mtu mwenye mikono ya grisi anastahili muziki kama mfalme wa opera.

Lawama ya pili: rangi na nyimbo ni tamu mno, kama chai iliyotiwa sukari vijiko sita. Lawama hii ina uzito zaidi. Lakini tazameni utamu huo umewekwa juu ya mambo gani: deni, mimba, vita, na ndoa inayofungwa kwa sababu ya haja. Mama hamlazimishi binti kwa fimbo, wala Cassard si mtu mbaya. Hakuna adui wa kumchukia. Kama yangesemwa kwa maneno makavu, tungeanza upesi kumhukumu Geneviève, kama wengi wetu walivyofanya bwenini. Muziki unatuzuia; kwanza unatufanya tumwonee huruma. Na mwishoni rangi zile karibu zote zimekwisha, imebaki theluji nyeupe. Utamu ulikuwa wa ujana, nao umepita.

Lawama ya tatu aliileta mwanafunzi mmoja wa darasa letu, mpole, ambaye kaka yake ni askari na hajaonekana nyumbani miaka miwili. Aliuliza: Je, Waalgeria wako wapi? Vita ile ilidumu tangu mwaka 1954 hata 1962, ikaua watu wengi sana, na wengi wao walikuwa Waalgeria. Katika sinema hii Algeria ni mahali pa kuandikia barua tu. Hatumsikii Mualgeria hata mmoja. Bweni lilinyamaza. Waliosifu sinema walijibu kwamba Demy alitaka kuonyesha vita inavyofika katika duka dogo mbali na risasi, na kwamba kuitaja vita ile mwaka 1964 katika sinema ya mapenzi kulihitaji moyo. Ni kweli. Lakini jibu hilo halikumtosha mwenzetu, wala mimi halinitoshi. Huku kwetu vita si hadithi, nasi twajua kwamba upande usiosikika nao una mama na wachumba.

Basi ninaipenda sinema hii, na lawama hiyo ninaiacha isimame. Sioni kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Kwa hiyo, mkiletewa kazi yenye mtindo mgeni, nawashauri mjiulize maswali matatu kwa utaratibu huu. Inataka tupatane nayo kwa jambo gani? Tukiisha kupatana, imetimiza iliyoahidi? Na katika kutimiza, imemwacha nani nje? Anayekataa swali la kwanza hajaihukumu kazi, amekataa tu kuingia mlangoni. Lakini anayeishia kwenye la pili, akasahau la tatu, ameingia nyumbani mwa watu akasifu mapambo ya kuta, asiulize ni nani aliyefungiwa nje mvuani.