Hija ya Asiye na Nauli

Kila ufikapo mwezi wa Juni, Wakristo wengi wa nchi zetu huelekea Namugongo, Uganda, walikochomwa moto Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni 1886. Wengine huenda kwa miguu, hata toka Kenya na Tanzania. Lakini huku kwetu, kati ya Masasi na Newala, nauli ya safari hiyo yaweza kumaliza fedha ya korosho za msimu mzima. Kwa hiyo wako wazee, na hasa wajane, waliokwisha kujiambia moyoni ya kuwa hija si fungu lao. Fikira hiyo si sawa, na historia ya Kanisa yenyewe yaikanusha.

Zamani Mkristo wa Ulaya alitamani kupita alimopita Bwana wetu akiuchukua msalaba. Yeruzalemu ilikuwa mbali, njia ilijaa hatari, na gharama ilimshinda maskini. Wafransisko, waliokabidhiwa ulinzi wa Mahali Patakatifu mwaka 1342, walisaidia sana kuileta njia ile kwa watu wasioweza kuifikia: vituo vya kusali vikawekwa, ili mtu atembee kidogo na kutafakari mengi. Mwaka 1731 Papa Klementi XII aliithibitisha hesabu ya vituo 14. Mtakatifu Leonardo wa Porto Maurizio alisimika Njia za Msalaba zaidi ya 500, moja yao ndani ya Koloseo la Roma mwaka 1750. Basi, bibi mzee wa Lupaso atembeapo toka kituo hata kituo siku za Ijumaa za Kwaresima, huyo ahiji Yeruzalemu. Na pengine amefanya hivyo miaka arobaini pasipo kujua.

Ziko pia hesabu za miguu. Njia mashuhuri iendayo kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago, Hispania, ikianzia Saint-Jean-Pied-de-Port katika Ufaransa, ni kama kilomita 780. Siku hizi wako watu waitembeao njia hiyo katika vijia vya kwao wenyewe, wakijumlisha kilomita za kila siku. Na tujumlishe sisi. Akaaye kilomita 5 toka kanisani hutembea 10 kila Dominika, kwenda na kurudi. Kwa Dominika 78, yaani mwaka mmoja na nusu, amekwisha fika Santiago. (Na mama zetu wa uwandani, walioshuka bondeni kuteka maji kabla ya mabomba, walifika mara ngapi?)

Hata hivyo kilomita pekee si hija. Mchuuzi hutembea kuliko sisi sote. Hija yataka nia, sala na toba. Pasipo kuungama na kukomunika ni matembezi tu, na vijana wakianza kushindana nani kafika kwanza, heri wangecheza mpira.

Wala hatukosi mahali petu pa kwenda. Misheni ya Lukuledi, iliyoanzishwa na Wabenedikto mwaka 1895, na ile ya Nyangao ziliharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Ndanda. Katika vita vile walikufa wamisionari, nao wazee wetu walikufa wengi mno kwa risasi na kwa njaa. Ahijiye huko na awaombee wote, wa pande zote mbili. Na asiwe na shaka kwamba hija ya karibu ni ndogo: katika Jubilei ya mwaka 2025 Mama Kanisa alitoa rehema kamili hata kwa waliohiji katika kanisa kuu la jimbo lao, au kanisa jingine lililoteuliwa na Askofu.

Toka Masasi hadi Ndanda ni kama kilomita 40. Wazee na waigawe kwa siku mbili, waanze alfajiri, wapumzike jua liwapo kali, kila mmoja na maji yake. Paroko wa kule apelekewe habari mapema, ili wafikapo wapate padre wa kuwaungamisha na mahali pa kulala.